Kijino cha Kanuni ya Bi Sabiha

Nina kisa, na mwisho wake nitawauliza swali. Sikilizeni huku mkipima, kwa sababu mimi nimekipima mara nyingi na sijaona mizani ikilala upande wowote.

Palikuwa na nadi, yaani klabu ya wapigaji wa taarab, huko Unguja, mtaa wa Kikwajuni, ikiitwa Nadi Sururi. Ilikuwa na wapigaji kumi na wanne: fidla, udi, nai, selo, besi, kodiani, dumbaki, na kanuni moja, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani. Miongoni mwao walikuwamo watungaji watatu waliosifika kisiwa kizima, na kila mmoja alikuwa na kipaji ambacho wenzake hawakuwa nacho. Kila mmoja alilijua hilo kupita kiasi.

Wa kwanza alikuwa Maalim Sumeit, mpiga fidla. Kipaji chake kilikuwa kumbukumbu. Muziki akiusikia mara moja haukumtoka tena. Akitaka kumkera mtungaji mwenzake, alimpigia tungo yake mwenyewe kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kosa, kisha akamwonyesha taratibu mahali ilipolegea.

Wa pili alikuwa Ustadh Khatibu, aliyepiga udi na kanuni. Kipaji chake kilikuwa sikio. Uzi ukipanda kwa upana wa unywele, yeye alijua. Aliwahi kusimamisha harusi ya watu, bibi harusi amekwisha kukaa, ili akaze uzi wa udi ambao haukuwa wake.

Wa tatu, Bwana Machano, alipiga kodiani, na kipaji chake kilikuwa kupanga: nani apige nini, lini, na nani anyamaze. Alisomea Kairo miaka miwili, na hapakupita mazoezi bila Kairo kutajwa. Juu ya kiti chake katika ukumbi wa nadi alitundika picha, na picha yenyewe ilikuwa yake.

Tungo ya mmoja ilipopigwa, wale wawili waliipiga kwa uso wa watu wanaokunywa dawa. Nadi isingedumu hata mwaka mmoja kama si Bi Sabiha, mpiga kanuni. Yeye hakuwashinda kwa kumbukumbu, wala kwa sikio, wala kwa kupanga. Wenyewe walikuwa wepesi kulisema hilo. Lakini walipogombana, aliendelea kukaza nyuzi zake zaidi ya sabini, mmoja baada ya mwingine, na kabla hajafika wa mwisho wao walikuwa wamekwisha kuchoka.

Bi Sabiha alikuwa akitunga bashrafu. Bashrafu ni muziki wa ala tupu, usioimbwa, unaofungua shughuli. Una sehemu nne, na kila sehemu ikiisha kinarudi kipande kilekile kifupi, kama mtu anayerudi nyumbani kwa njia nne tofauti. Aliandika kile kipande kinachorudi, akaandika sehemu tatu. Kisha akaugua, na baada ya miezi minne akafariki. Karatasi ya sehemu ya nne ilikuwa na kichwa tu, na chini yake mistari mitupu.

Siku tatu kabla ya kufariki alimwambia mumewe, dada yake Bi Mwanakombo akisikia:

"Kanuni yangu apewe atakayemaliza bashrafu yangu. Mtu mmoja. Msije mkaiweka nadini ikawa ya kila mtu, itakufa."

Mumewe, Bwana Hilali, alikuwa mpima ardhi aliyestaafu. Walikuwa wameishi katika ndoa miaka thelathini na mmoja. Hakujua muziki, hata kuimba pamoja na watu harusini alikuwa akikosea, na mkewe alikuwa akimfinya paja kumnyamazisha. Lakini alijua kutimiza jambo kama lilivyoagizwa. Mwanamke akifiwa ana eda yake, na siku zake zinahesabika. Mwanamume hana eda. Hakuna anayemwambia kwamba sasa zimetimia. Bwana Hilali alijiwekea jambo moja la kufanya: kila Ijumaa aliondoa kitambaa juu ya kanuni, akaifuta vumbi, akaifunika. Mtu mwingine hakuruhusiwa kuigusa.

Mwaka ulipotimia aliwaita watungaji watatu nyumbani, mmoja mmoja, kwa kuwa pamoja wasingekuja. Aliwasomea wasia. Kila mmoja alijibu kwamba wale wengine wasisumbuliwe.

Maalim Sumeit ndiye aliyerudi kwanza, akiwa na karatasi. Alikaa muda bila kuitoa, akanywa kahawa, akauliza habari za paa la nyumba. Hatimaye alisema kwamba sehemu ya nne ipo. Aliisikia. Siku moja alifika nadini mapema, kabla ya alasiri, akamsikia Bi Sabiha akiipiga peke yake ghorofani. Alisimama ngazini.

"Kwa nini hukuingia?" aliuliza Bwana Hilali.

"Ningeingia ningelazimika kumsifu," alisema Maalim Sumeit. "Sikuwa tayari."

Akaongeza kwamba ngazi ililia chini ya mguu wake, na Bi Sabiha akaacha kupiga. Kwa hiyo alichokuwa nacho kilikuwa muziki unaopanda, unapanda tena, kisha unakatika. Alikuwa amekihifadhi kichwani karibu miaka miwili bila kumwambia mtu. Vipimo kumi na tisa vya muziki, hakuna hata kimoja kilichopotea. Lakini kila alipojaribu kuushusha ule muziki urudi nyumbani, ulimjia muziki wake mwenyewe, na alijua si huo.

Ustadh Khatibu hakuleta karatasi. Aliomba kuiona kanuni. Bwana Hilali alimwekea sharti la kutoigusa, naye akakubali, akaketi mbele yake mikono ikiwa mapajani kwa muda wa kama saa moja.

Sasa, kanuni ina vijino vidogo vya chuma, vimepangwa ubavuni chini ya nyuzi. Kijino kikiinuliwa, sauti ya uzi hubadilika kidogo, pungufu ya nusu sauti; kikilazwa, hurudi. Kwa hiyo ukiiacha kanuni kama ilivyopigwa mara ya mwisho, vijino vinabaki vikisema mpigaji alikuwa wapi. Ustadh Khatibu alivisoma kama mtu anavyosoma barua.

"Hii bashrafu inatembea kwenye ngazi ya sauti iitwayo Rasti," alisema, "na Rasti haina haja ya kijino hiki kimoja. Kwa nini amekiinua? Kwa sababu hapa ndipo alipopata pa kupitia." Kisha akashusha sauti. "Shemeji, mimi miaka yote nilisema mkeo anapiga vizuri, kwa mwanamke. Njia hii mimi nisingeiona."

Kwa kufuata kijino hicho alitunga mteremko wa vipimo kumi na viwili. Ulipounganishwa na kumbukumbu ya Maalim Sumeit, ulishika.

Bashrafu ikawa nzima kwenye karatasi. Bwana Hilali aliiruhusu kanuni itoke, Ustadh Khatibu akaipiga, lakini nadi walipoijaribu ilikuwa vurugu. Taarab yao ilizoea kila mtu kupiga njia ileile kwa pamoja, na hapa wapigaji kumi na wanne walikanyagana. Mbaya zaidi, ile sauti ya kijino haikusikika kabisa. Kodiani haina sauti hiyo. Vitufe vyake vina nusu na nzima tu. Kila walipofika pale, kodiani ya Bwana Machano ilipiga sauti ya jirani na kuimeza ile ya kanuni.

Bwana Machano aliichukua karatasi kwake wiki mbili. Alizigawa fidla mafungu mawili, akaipa selo kazi iliyokuwa ya udi, akaiacha besi itembee peke yake chini. Katika sehemu ya nne yote akaifuta kodiani. Pale penye kijino aliwanyamazisha wote isipokuwa kanuni. Aliporudisha karatasi, wenzake waliitafuta kodiani wasiione.

"Na wewe utafanya nini wakati huo?" aliuliza Maalim Sumeit.

"Nitakaa," alisema Bwana Machano. "Kairo walinifundisha na kukaa."

Bashrafu ilipigwa siku ya mwaka wa nadi, saa kumi na nusu alasiri, madirisha yote yakiwa wazi. Maalim Sumeit aliongoza fidla. Ustadh Khatibu alipiga kanuni ya Bi Sabiha, maana hapakuwa na mwingine wa kuipiga. Bwana Machano alikaa chini ya picha yake, kodiani imefungwa mapajani. Sehemu ya nne ilipanda kama alivyoisikia yule aliyesimama ngazini, ikafika juu, wote wakanyamaza, na ile sauti moja ikatoka, si ya juu wala ya chini, mahali ambapo hakuna aliyeitarajia. Kisha muziki ukarudi nyumbani.

Bi Mwanakombo alimshika shemeji yake mkono. "Pale," alisema. "Pale alikuwa yeye. Nimemsikia."

Wengi walisema hivyohivyo. Bwana Hilali naye, asiyejua muziki, alihisi kitu pale, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi hakutaka kuondoka mahali penye watu.

Hata kahawa haijafika, ugomvi ukaanza. Maalim Sumeit alisema kanuni ni yake: bila yeye wangekuwa na karatasi tupu.

"Na bila mimi mngekuwa na nusu ngazi," alisema Ustadh Khatibu. "Mngepanda halafu mruke. Ungeanza wewe, Maalim?"

"Bila mimi mngekuwa na kelele," alisema Bwana Machano. "Kairo..."

"Kairo tunaijua," walisema wale wawili kwa pamoja, na hilo ndilo jambo pekee waliloafikiana siku ile.

Walimwachia Bwana Hilali aamue, na kila mmoja akasema kwa adabu kwamba asipopewa yeye hatakanyaga tena nadini. Hawakuwa wakitisha. Walikuwa watu wa namna hiyo.

Bwana Hilali, kwa kutaka kuwa mwadilifu, alimwomba kila mmoja amwonyeshe hasa alichokifanya. Ustadh Khatibu aliinamia kanuni akamwonyesha kijino chenyewe. Safu ya tisa kutoka kwa mpigaji, kijino cha pili.

Bwana Hilali alishukuru. Alisema atajibu baada ya wiki. Aliibeba kanuni mwenyewe mpaka nyumbani, akaiweka mahali pake, akafungua mtoto wa meza.

Mpima ardhi huandika. Miaka arobaini alitembea na daftari dogo, na hata baada ya kustaafu hakuacha. Alirudi nyuma kurasa nyingi mpaka Ijumaa ya pili baada ya mazishi. Siku ile alifuta vumbi kwa kanga ya marehemu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Uzi wa pindo ulinasa, kitu kikalia, akaona kijino kimeinuka. Aliogopa kukirudisha asije akaharibu zaidi, akaandika ili siku moja amwulize mtu anayejua. Kisha yakaja mengine, akasahau. Maneno yalikuwa palepale, kwa mwandiko wake:

"Safu ya 9, kijino cha 2. Kimeinuka. Mimi."

Ile sauti moja, basi, haikuwa ya Bi Sabiha. Ustadh Khatibu alikuwa ameisoma barua ambayo hakuna aliyeiandika, na kutokana nayo alitunga njia ya kurudi ambayo wote walikubali kuwa ndiyo hasa. Labda Bi Sabiha angerudi kwa njia nyingine. Labda kwa hiyohiyo. Hilo haliwezi kupimwa.

Bwana Hilali alikaa na daftari siku sita. Akisema, Ustadh Khatibu atavunjika, na Bi Mwanakombo atafiwa na dada yake mara ya pili. Akinyamaza, atakuwa ametoa urithi wa mkewe juu ya jambo ambalo yeye peke yake anajua kwamba si kweli. Na kuna neno jingine, ambalo alilifikia siku ya sita na hakulipenda: wasia ulisema kanuni apewe atakayemaliza bashrafu. Je, aliyemaliza si yeye, mtu aliyefinywa paja ili asiimbe?

Siku ya saba ni leo. Watu watatu wamekaa sebuleni kwake, kila mmoja amejiweka mbali na mwenzake kadiri viti vinavyoruhusu. Bi Mwanakombo anamimina kahawa. Kanuni iko mbele yao, imefunuliwa, na kijino cha pili cha safu ya tisa bado kimeinuka, hakuna aliyekilaza. Daftari liko mfukoni mwa Bwana Hilali.

Mimi hapa ndipo nilipofika, sina pa kwenda zaidi. Yuko aliyekumbuka, na kukumbuka kulimgharimu aibu ya ngazini. Yuko aliyesoma, akasoma vibaya, na kutokana na kosa lake tukapata kilicho bora. Yuko aliyepanga, na sehemu iliyo ngumu ya kupanga kwake ilikuwa kujifuta mwenyewe. Na yuko aliyefuta vumbi kwa kanga.

Nyinyi mlioketi nami, kanuni mngempa nani? Na kabla ya kuitoa, lile daftari mngelifungua mbele yao, au mngelirudisha kwenye mtoto wa meza mkafunga?