Fremu ya Zizini

Hapo zamani, ila si zamani sana, maana vyuma chakavu vilishaanza kununuliwa kwa kilo, palikuwa na mwanamke wa Kibosho aitwaye Aikande. Kila alfajiri aliteremka mlima na ndoo ya maziwa kichwani, na kila jua lilipomzidi mbio, maziwa yalimchachia. Zizi lake la mbuzi halikuwa na mlango. Lilikuwa na fremu ya pikipiki ya kizamani ya marehemu baba yake, imefungwa kwa waya. Injini baba aliiuza mwenyewe alipougua.

Wenye mizani, wanunuzi wa vyuma chakavu, walipita. "Mama, tuuzie hilo chuma." Aikande akasema, "Hilo ni la baba." Wakapita tena, wakaongeza bei. Akasema, "Hilo ni la baba."

Siku moja akaja mdogo wake wa kiume, Elinami, kitinda mimba, uso kaukunja. Alifuatana na Fundi Kanuti, na fundi alibeba grenda, ile mashine ya kukatia chuma, kwa sababu mnunuzi alitaka vipande.

"Dada, pisha."

"Sipishi!" Aikande akaikalia fremu.

"Kwetu kitinda mimba ndiye hurithi boma na vilivyomo. Unajua vizuri sana. Pisha!"

Kanuti akasita kukata kitu kilichokaliwa na mtu. Elinami akamnyang'anya mashine, akawasha. Cheche zikaruka. Aikande hakunyanyuka. Diski ya grenda ikala rangi shingoni mwa fremu, na chini ya rangi zikatokea namba zilizogongwa kwenye chuma.

"Zima!" Kanuti akapiga kelele. Elinami hakusikia. Kanuti akapeleka mkono kuizima, na diski ikaacha chuma ikala kiganja.

Aikande akamfunga kiganja kwa khanga yake. Kanuti akasema kwa shida, "Namba hizi nazijua. Mzee Jivraj, muuza pikipiki wa Moshi mjini, ana injini yenye namba kama hizi. Nilimsaidia kuifungua. Fremu yake ameitafuta mpaka amezeeka." Angeweza kunyamaza, kisha aje ainunue kwa bei ya kilo. Hakunyamaza.

Mzee Jivraj akapelekewa habari, na kesho yake akapanda mlima. Akapapasa viungo vya fremu. "Vimeungwa kwa shaba, havikuchomelewa. Hii haijaguswa tangu kiwandani." Akapaka chaki kwenye namba, akafuta kwa kidole. Namba ya mwisho ilikuwa imekwaruzwa na diski. Ikiwa saba, kama ile ya injini, fremu ni hazina. Ikiwa moja, ni mlango wa mbuzi. Mzee akainama, akakaza macho.

"Saba," mzee akasema, na machozi yakamlengalenga. "Injini peke yake ni chuma. Fremu peke yake ni chuma. Zikikutana, sina bei ya kuwatajia. Nawapa pikipiki mpya kutoka dukani kwangu. Ila kadi yake ya umiliki huandikwa jina moja. Niandike la nani?"

"Langu," akasema Elinami. "Boma ni langu kwa desturi. Na nisingekwangua rangi, nani angeziona namba?"

"Langu," akasema Kanuti. "Nimeitambua, nimesema kweli, na mkono huu hautakaza nati tena. Watoto wangu watakula nini?"

Aikande akaitazama khanga yake yenye damu, akaitazama ndoo yake. "Langu," akasema. "Thamani yake sikuijua, sawa. Nilijua ni ya baba tu. Lakini nisingeikalia, leo mngekuwa mnatambua nini?"

Fremu ilikuwa imeshafunguliwa waya. Mbuzi wakatoka zizini mmoja mmoja, na hakuna aliyewarudisha.

Mzee Jivraj bado ameshika kalamu, jamani, na mimi nimechoka kumshikia kadi. Mstari ni mmoja. Ninyi mliosikia yote, je, nani alistahili: aliyeitunza bila kuijua, aliyeirithi akataka kuikata, au aliyeitambua akalipa kwa kiganja chake?