Sauti ya Pili

Jifya ni jiwe la meko. Hata liwe kubwa namna gani, peke yake halibebi chungu. Sharti lipate la pili na la tatu. Kama kuna mtu aliyelijua jambo hilo bila kufundishwa, basi ni Mama Pasi, wa chumba cha kufulia nguo hospitalini.

Alizaliwa wa pili. Magauni yake yote dada yake aliyavaa kwanza. Walipoajiriwa pamoja kufua na kunyoosha mashuka, dada akawa sauti ya kwanza katika kwaya ya wafanyakazi, naye akapewa sauti ya pili, ile ya chini ambayo wasikilizaji hawaikumbuki wakirudi nyumbani.

"Mdogo wangu, wewe ni bitana ya koti," dada alimtania. "Upo, lakini nani anakuona?"

"Koti lisilo na bitana linawasha, dada," alijibu, pasi ikifuka mvuke mkononi.

Mwaka huo dada alianza kupotea katikati ya nyimbo. Siku ya mashindano, mwalimu wa kwaya alimvuta Mama Pasi kando.

"Leo akipotea tena, nafasi yake ni yako."

Nafasi hiyo aliitamani tangu usichana wake, ila hakuwahi kumwambia mtu.

Ukumbi ulijaa pomoni. Katika ubeti wa mwisho, dada alipopanda juu, wimbo ulimponyoka kama sabuni iliyolowa. Akamgeukia mdogo wake kwa macho ya mtu anayezama. Mama Pasi angenyamaza tu, nafasi ingekuwa yake, na nani angemlaumu? Hakunyamaza, wala hakumnyang'anya dada wimbo. Alibaki palepale chini, akakaza sauti yake ikawa imara kama sakafu, mpaka dada akapata pa kukanyaga na kupanda tena.

Kwaya yao ikashinda.

"Umeitupa nafasi yako, mama," mwalimu alimnong'oneza.

"Sijaitupa, mwalimu. Nafasi yangu ni ile ya chini, na nilikuwa nimeikalia."

Dada alikuja na kombe, machozi yakimlengalenga. "Shika wewe kwanza," alisema.

Mama Pasi alishika sikio moja la kombe, la pili akamwachia dada yake, wakalinyanyua pamoja. Kwani jifya moja haliinjiki chungu.