Ukuta Uliomfuata Sarahani

Baada ya kumshukuru Mola aliyeumba watu na majini, zisikieni habari za Sultani Mudhihiri wa mji wa Rihani, na za Sarahani, aliyekuwa akimfukizia majoho yake kwa udi. Sarahani alikuwa mtu mwema ila mzito wa ulimi, na moyo wake ulinasa kwa Bi Zamzamu, mjane mshona kofia, na kila akienda kumposa hurudi amezungumza habari za mvua tu. Ibilisi akamshawishi, akamwiba kasuku wa sultani, akamfundisha maneno ya posa, akamtundika dirishani kwa mjane.

Akakamatwa. Mbele ya kadhi hakukana, alikiri kuwa amemkosea Mungu na maulana wake, na kadhi akamhukumu kifungo cha mwaka, na Sarahani akakitumikia chote, na Bi Zamzamu akimpelekea vitumbua kila Ijumaa.

Lakini siku ya kufunguliwa kwake palikuwa na wajumbe wa nchi za mbali barazani, na kasuku, aliyekwisha kurudishwa kwa mwenyewe, badala ya kumsifu sultani, akaimba, "Zamzamu wangu, nitazame nipone." Wajumbe wakaziba vinywa kwa ncha za vilemba. Sultani akaghadhibika, akaamuru Sarahani avuliwe uraia, asihesabiwe tena mtu wa Rihani, na akamwita Dahmani, jini wa lango aliyefungwa kwa pete na babu yake, amtupe nje ya ukuta.

Sarahani alipobebwa aliwaza kaburi la mama yake, nani atalisomea. Jini akamweka jangwani. Mara ukuta ukanguruma, na mawe yakajongea kama ng'ombe wafuatao majani, yakampita, naye akajikuta ndani. Jini akambeba mbali zaidi, na ukuta ukafuata tena, ukazoa mtende, na mbuzi, na bedui mmoja aliyelala, akaamka mwenyeji.

Jini akarudi naye barazani akitweta.

"Maulana, babu yako aliponifunga mimi kwa pete hii, naye alijifunga. Alisema sultani wa Rihani atafunga, atatoza, atapiga viboko kadiri ya hukumu ya kadhi, bali ambaye kitovu chake kimezikwa katika udongo huu hatamtoa. Si sultani aliyempa kwao, basi atamvuaje?"

"Mimi ndiye sultani," akasema Mudhihiri.

"Ndiwe, maulana. Na kitovu chako kimezikwa ua mmoja na chake. Nikiking'oa kimoja, sijui mkono wangu utaishia wapi. Na atakayekirithi kiti hiki huenda asiwapende wanao."

Sultani akamtazama Sarahani alivyojaa vumbi, akakumbuka walivyoiba komamanga utotoni, na Sarahani akala viboko vya wote wawili.

"Na mwizi wa komamanga," akauliza taratibu, "naye angetolewa?"

"Ungenitangulia wewe, maulana," akasema Sarahani.

Sultani akacheka hata kilemba kikamwanguka, akaitangua amri yake mbele ya wajumbe, akamwita Bi Zamzamu atoe jawabu la posa.

"Kasuku nilikwisha kumsikia," akasema bibi. "Namngoja mwenyewe."

Sarahani akamsogelea. "Mvua," akaanza, na watu wakainamisha vichwa kwa huruma, "mvua ikinyesha, nataka ininyeshee nikiwa nawe."

Kadhi yule yule akawaozesha, na sultani akatoa mahari na nyumba pale pale ukuta ulipofanya nundu, na nundu ile haikunyooshwa kamwe. Basi mkosaji na aonje adhabu yake, lakini asinyang'anywe kwao, na mwenye enzi aujue mpaka wake, kwani asiye na mpaka ni Mola peke yake.