Fyuzi ya Taa za Nyuma

Mtu mmoja alikuwa na gari, na mke, na mtoto mchanga wa miezi minane. Aliitwa Ambakisye, na alikaa huko juu Rungwe, mahali ambapo asubuhi ukungu hulala barabarani mpaka saa nne na hauondoki kwa kufukuzwa. Mkewe aliitwa Subilaga, na mtoto Tusa. Tangu siku aliyojifungua, Subilaga alikuwa na hofu moja tu, na hofu hiyo ilikaa mbele ya kioo cha gari: kwamba kuna siku kitu kitatoka ndani ya ule ukungu, lori, ng'ombe, ukingo wa korongo, na kitamkuta mtoto wake akiwa amelala mapajani. Kwa hiyo kila walipopanda gari macho yake yalikuwa mbele. Mbele, mbele tu. Mwenye kuogopa cha mbele hana shingo ya kugeukia nyuma.

Mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimeshika kasi, taa za mbele zilizimika ghafla wakiwa njiani kwenda kanisani. Ambakisye akasimamisha gari, akafungua kisanduku cha fyuzi chini ya usukani. Fyuzi ni kidude kidogo, hakizidi jino la mtoto, na ndani yake mna kiwaya chembamba kama unywele. Umeme ukienda kombo kiwaya hicho hukatika, kinakufa chenyewe ili gari lisiungue. Hiyo ndiyo kazi yake yote, haina nyingine. Ambakisye alijaribu kuinyofoa akashindwa, maana vidole vyake vilikuwa vinene, vidole vya jembe.

"Mama Tusa," akasema, "hebu nisaidie na hizo kucha zako."

Subilaga akaipachua. Akaiinua kwenye mwanga, akaona unywele umekatika na doa jeusi limebaki. Fyuzi ya akiba hawakuwa nayo. Sasa Subilaga alikuwa amesoma mpaka kidato cha nne, na maneno ya Kiingereza yaliyokuwa kwenye mfuniko wa kisanduku aliyaelewa, akaona kuna nyingine ya buluu, saizi ileile, ya redio. Yeye ndiye aliyesema. Hakusema mumewe, alisema yeye: tuchukue hii, redio tutakaa bila. Akaihamisha, taa zikawaka, Ambakisye akacheka kwa furaha, akamwambia mtoto kwamba mama yake ni injinia. Na Subilaga alifurahi, kusema kweli, alifurahi siku nzima.

Fundi wa pale njiapanda alipoambiwa hakufurahi. "Fyuzi haifi bure, kaka," akasema. "Kuna waya umechubuka mahali, unagusa bati. Nikikupa nyingine itakufa kama mwenzake. Niachie gari siku moja niutafute." Ambakisye akajibu kwamba atalileta wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja na shughuli zake, na inayofuata nayo vilevile, na siku moja bila gari ikazidi kuonekana nyingi. Tena kulikuwa na haja gani, wakati fyuzi nyingine zimo humohumo ndani?

Taa zikazimika mara ya pili. Wakachukua ya honi. Huku watu tunajuana, akasema Ambakisye, honi ni ya watu wa mjini. Na kweli hapakuwa na tatizo. Hiyo ndiyo shida ya kunyofoa: unanyofoa, halafu hapatokei chochote, siku inapita, ya pili inapita, unaanza kuona kwamba kile kilichokuwa pale hakikuwa na kazi.

Ikafika Alhamisi ya kliniki. Ukungu wa siku hiyo ulikuwa mzito, mtu alisikia hatua zake mwenyewe asizione. Ambakisye alikuwa amepakia mikungu ya ndizi kwenye kiti cha nyuma, zawadi ya kumpelekea mama yake aliyekaa karibu na zahanati, na mke na mtoto wakakaa mbele. Kwenye kona ya kwanza walimkuta jirani yao Sekela amesimama na mwanawe Ipyana mgongoni. Sekela na Subilaga walijifungua wiki moja, vitanda vinatazamana, na tangu hapo benchi lao la kliniki lilikuwa moja. Ambakisye akashusha kioo, akaonyesha zile ndizi, akaomba radhi.

"Mnazisafirisha ndizi mnaacha watu!" Sekela akacheka, akampapasa Tusa shavu kupitia dirishani. "Haya, tangulieni mwenzangu. Nachukua pikipiki, nipo nyuma yenu."

Hawakufika mbali. Kabla ya mteremko mkubwa taa za mbele zikazimika mara ya tatu, na ukungu ukawa ukuta. Ambakisye akapiga breki, akainamia kisanduku. Subilaga akasoma mfuniko kwa tochi ya simu, mtoto akiwa kwenye mkono mwingine. Ya buluu ilikuwa imebaki moja. Akasema ni ya taa za breki, zile zinazowaka nyuma mtu akikanyaga.

Ambakisye akasema, "Za nyuma zinammulikia nani? Mimi naenda mbele."

Hakusema kwa ubaya. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kama mtu anayechelewa. Na Subilaga alijua jibu, alilijua vizuri, neno likampanda mpaka kwenye meno. Lakini akamtazama mtoto, akautazama ule ukuta mweupe mbele ya kioo, akaliona lori ambalo halikuwepo, na neno likashuka tena likakaa. Kila mtu ana chake cha kukilinda, alijiambia, na changu hiki hapa mkononi. Akaingiza kucha. Fyuzi ikang'oka kirahisi kama jino lililolegea. Taa za mbele zikawaka, nzuri, kali, na hofu yake ikatulia kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

Wakaanza kushuka. Nyuma yao ikatokea pikipiki, nayo ni ile iliyombeba Sekela na mtoto wake. Ukungu ulikuwa umeficha barabara yote, kwa hiyo dereva wa pikipiki alifanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya: alitafuta gari lililo mbele yake akalifuata. Aliona taa mbili ndogo nyekundu, zile zinazowaka muda wote. Taa hizo zilimwambia kwamba gari lipo. Hazikuwa na uwezo wa kumwambia kwamba limesimama.

Chini ya mteremko ng'ombe alikuwa amejilaza katikati ya barabara. Taa za mbele zilimwonyesha mapema, masikio, pembe, mvuke wa pua. Ambakisye akakanyaga breki kwa nguvu na gari likasimama hatua tatu kutoka kwa mnyama. Subilaga akamkumbatia Tusa akasema asante Mungu. Alisema hivyo, na sauti ilikuwa bado haijamaliza kutoka, ndipo kishindo kikaja. Hakikutoka mbele.

Ng'ombe akaamka, akaenda zake. Tusa hakuwa na mchubuko. Ndizi hazikudondoka. Dereva wa pikipiki alivunjika mguu. Sekela alirushwa akaangukia upande, kifua na kichwa vikipiga lami, na alikuwa amekufa kabla Subilaga hajafika. Ipyana alikuwa angali mgongoni, amefungwa vizuri kwenye khanga, analia. Mwili wa mama yake ulikuwa umempokelea kila kitu.

Msibani watu walisema ni ukungu. Ni ukungu na mapenzi ya Mungu, wakasema, na Ambakisye akainamisha kichwa. Ila dereva wa pikipiki, aliyeletwa kwa machela akalazwa kwenye mkeka, mguu wake umefungwa vibanzi, alimtazama Subilaga, wala si mumewe, akauliza taratibu kama mtu ambaye kweli anataka kujua:

"Mbona hamkusema kama mnasimama, dada?"

Mkono wa Subilaga ulikuwa ndani ya khanga, na kucha zake zilikuwa zimeshika kiganja chake mwenyewe.

Baada ya arobaini, Ambakisye alimpa fundi ile siku moja. Haikufika hata siku. Kabla ya saa sita fundi aliuona waya, chini ya rejeta, chubuko lisilozidi urefu wa ukucha. Akaufunga utepe, akaweka fyuzi mpya kila mahali palipokuwa wazi. Akawasha gari, na ile redio, ambayo hakuna aliyekumbuka kwamba iliachwa imefunguliwa, ikaanza kuimba peke yake pale uani. Ambakisye akakimbia kuizima.

Kila asubuhi bibi yake Ipyana hupita kwenye ukungu akamleta mtoto anyonye, maana maziwa ya kopo yalimkataa. Subilaga huwaweka wote wawili, Tusa kulia na Ipyana kushoto, na wote hunyonya wakimkodolea macho. Yeye hukaa ameupa mlango kisogo, kwa sababu amejifundisha sasa kusikiliza cha nyuma, na amejifundisha wakati hakuna tena anayekuja.

Nanyi mnaosikia haya: giza lilipowaziba mbele mkataka mwanga upesi, mlikwenda kuunyofoa wapi, na ni nani aliyekuwa akiwafuata?