Blanketi la Waridi

Sogeeni motoni. Bibi alisimulia hivi, nami siongezi neno.

Juu milimani, kwenye baridi na ukungu usioisha, aliishi Mama Nakiete. Bintiye Nakiete alikufa, na kaburini pake likaota waridi. Kila ua lilipofunguka, sauti ya binti iliita mara moja tu: "Mama!"

Mwaka mmoja unyevu ulizidi. Majani yakaingia madoa meusi, vitumba vikaoza kabla ya kufunguka, mpaka kikabaki kimoja.

Zimwi la msituni likaja. "Mama, kata matawi ya katikati, upepo upite."

"Nimkate mwanangu? Toka, mla watu!" Akalifunika waridi blanketi, kama afunikwavyo mtoto mwenye homa.

Zimwi likaja tena. "Mama, basi chuma majani yenye madoa, uyachome."

"Nimchome mwanangu? Toka!" Akaongeza blanketi la pili.

Likaja mara ya tatu, likaketi mbali, likalia. "Mama, funua tu. Linakosa pumzi."

"Zimwi likilia, lina njaa," akasema, akaongeza la tatu, lile alilojifunika mwenyewe.

Siku jua lilipotoka, akafunua la kwanza, la pili, la tatu. Shina lilikuwa jeusi. Kitumba kikamvurugikia kiganjani kama uji. Akakiweka sikioni, akangoja.

Jua likazama, yeye angali anangoja. Zimwi likaja, likaokota yale mablanketi matatu, likamfunika yeye.

Hapo ndipo bibi alipokuwa akinyamaza. Nami nanyamaza.