Sange, Kiboko na Jani Moja la Mgomba

Nimekaa!

Nasi tumekaa, bibi!

Kweli iko wapi?

Tumeiacha nje mlangoni!

Na uongo?

Uingie, kigoda chake hiki hapa!

Haya, uongo umeingia, umekaa, umekunja miguu. Wewe wa pembeni acha kuchokonoa pua. Ungekuwa na pua ya huyu ninayemsema, ungechokonoa mpaka kesho.

Palikuwa na mama mmoja, Sange. Hamumjui Sange? Ni mnyama mdogo, kama panya aliyevutwa pua kabla hajaiva. Miguu myembamba, macho makubwa, na hiyo pua haitulii: inanusa huku, inanusa kule. Akitembea, tiku tiku tiku, humsikii mpaka amekupita. Shimoni mwake alikuwa na watoto wanne, na mwaka huo watoto wote wanne walikuwa na kiu.

Maana jua liliwaka katika bonde la Mchirizi mpaka mawe yakapasuka. Mto ukakauka. Visima vikakauka. Ikabaki chemchemi moja tu, kidimbwi chenye tope, na humo kidimbwini alikuwa amelala nani?

Kiboko!

Amelala. Amejaa humo kama ugali kwenye chungu kidogo. Ukisogea kunywa, anafungua kinywa, gwaaa! Unaona meno, unaona koo, unakumbuka una safari nyumbani.

Sasa bonde lile lilikuwa na desturi yake. Hakuna kupigana majini. Mwenye dai anachuma jani la mgomba, moja tu, anaandika kwa mwiba, upande mmoja tu. Msomaji ni Korongo, kwa sababu ana shingo ndefu na hana jamaa bondeni wa kumpendelea. Korongo anasoma, anayeshitakiwa anajibu. Akizijibu hoja zote, ameshinda, na jani linakuwa lake. Akishindwa kujibu mpaka jua limelikunja jani, basi mwenye dai ndiye aliyeshinda, na neno lake linafuatwa.

Desturi nzuri. Ila Kiboko majani aliyapenda. Si kwa kusoma. Kwa kutafuna! Kafu, kafu, gubu! Tangu kiangazi kianze hakwenda tena malishoni hata usiku mmoja. Aende kufanya nini, na chakula analetewa na walalamikaji? Alinenepa kwa malalamiko ya wenzake, mnayaona maisha hayo?

Siku ya kwanza akaja Swala, binti wa watu, amelelewa vizuri. Amelijaza jani lake mpaka ukingoni. Korongo akasimama kwa mguu mmoja, akasoma:

"Kwa Mheshimiwa Bwana Kiboko, mwenye mwili ulioshiba. Salamu nyingi kama nyasi za masika. Ama baada ya salamu, mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako. Mama anakusalimu. Shangazi anakusalimu. Binamu zangu wa mlimani, yule mwenye pembe zilizonyooka na yule ambaye moja imepinda, wote wanakusalimu sana. Dhumuni la jani hili ni..."

Korongo akaligeuza jani. Akaligeuza tena.

"Limeisha," akasema.

"Limeisha vipi?" Swala akashangaa. "Nilikuwa ndiyo naanza!"

"Nafasi imeisha, binti."

Kiboko akacheka mpaka tope likatetemeka. "Salamu nimezipokea. Na kama kulikuwa na dai, basi nilifika kwanza, mimi ni mkubwa, na hayo ni uongo mtupu. Lete jani."

Kafu, kafu, gubu!

Siku ya pili akaja Ngiri, pua juu, mkia juu, hasira juu. Huyu salamu hakutia hata moja. Korongo akasoma:

"Kiboko mchoyo. Kiboko tumbo. Kiboko mchoyo tena. Mama yako alikuzaa akajuta. Toka. Toka. Toka upesi. Mchoyo we."

Wanyama wakashangilia, "Amempa! Amempa!" Ngiri akainama kushoto, akainama kulia, kama bwana harusi.

"Umemaliza?" Kiboko akauliza.

"Nimemaliza!"

"Nilifika kwanza. Mimi ni mkubwa. Na hayo ni uongo mtupu. Lete jani."

Kafu, kafu, gubu! Akabeua. Wote wakarudi nyumbani, na kiu yao, na furaha ya kumtukana Kiboko. Ile furaha haikufika hata shingoni, koo likakauka tena.

Sange siku zote mbili alikuwepo, pembeni, chini ya jani la mgomba lililoanguka. Wenzake walitazama kinywa cha Kiboko. Yeye alitazama makalio.

Msicheke. Sikilizeni.

Kila Kiboko alipojinyoosha kudaka jani, makalio yaliinuka kidogo. Na chini yake, fwaa! Maji yanaruka, meupe, yanachemka kutoka ardhini. Akikaa tena, bwata! Kimya. Sange akajiuliza: haya ni mapovu ya Kiboko mwenyewe? Akanyoosha pua. Mapovu ya Kiboko mwenyewe yananuka, bonde zima lilikuwa linayajua. Haya hayakunuka. Yalinukia mawe na baridi.

Siku ya kwanza, fwaa. Siku ya pili, fwaa. Sange alikuwa amechomeka kijiti ukingoni, na kila siku akakata alama pale yalipofika.

Halafu masikio yake nayo hayakulala. Alisikia Kiboko akimjibu Swala. Alisikia Kiboko akimjibu Ngiri. Majibu matatu, yale yale, kwa mpangilio ule ule.

Akarudi shimoni, tiku tiku tiku. Akachuma jani. Akachukua mwiba. Akaandika, kwaru kwaru, anasimama, anafikiri, anaandika tena. Swala na Ngiri wakaja kuchungulia, maana walioshindwa hawakosi ushauri.

"Shoga," Swala akasema, "mbona salamu sizioni?"

"Hiyo hapo. Hamjambo."

"Hamjambo tu? Watasema hukulelewa!"

"Waseme. Pale ulipomweka shangazi yako, mimi nimeweka sababu."

Ngiri akaingiza kichwa. "Dada Sange, umemwita mchoyo? Mwite mchoyo! Kwa herufi kubwa!"

"Nikimwita mchoyo, shemeji, masikio yake yataishia hapo hapo. Na mimi nina jambo liko mstari wa sita, nataka alifikie."

Swala akasoma tena, polepole, midomo ikimchezacheza. "Na watoto je? Hujawataja popote. Andika kwamba wana kiu. Andika kwamba wanalia."

"Hawalii tena," Sange akasema.

Wakatega masikio wote. Mle shimoni hapakusikika kitu.

"Kiu yao naijua mimi," Sange akasema, mwiba mkononi. "Kiboko haijui, na hana haja ya kuijua. Yeye anaujua mgongo wake. Basi nazungumza na mgongo."

Kesho yake, jua limepanda, wakakusanyika. Sange akamwendea Korongo kwa adabu. "Mzee, leo usisimame pale kwenye jua. Simama huku chini, penye kivuli kidogo, kwenye lile bwawa lililokauka chini ya chemchemi. Ni hatua tano tu." Korongo mzee, mguu unamuuma, nani anakataa kivuli? Akaenda. Lakini jani akalinyoosha mbele yake, juani, kama desturi inavyotaka.

Akasoma:

"Hamjambo. Naomba Bwana Kiboko asogee hatua tano, ahamie bwawani."

Wanyama wakaguna. Bwawani? Lile vumbi tupu?

"Sababu ya kwanza: amekalia jicho la chemchemi. Ushahidi ni kijiti changu, kina alama mbili, za siku mbili alizoinuka, na mlio hapa mlisikia fwaa, mkadhani ni kitu kingine."

Hapo wakacheka, na Kiboko akafumba jicho moja.

"Sababu ya pili: jicho likifunguka, maji yataporomoka yajaze bwawa. Bwana Kiboko atazama mpaka masikioni. Leo maji yanamfika kiunoni, na mgongo wake umepasuka kama kisigino cha mkulima."

Wote wakautazama mgongo. Kweli, umepasuka. Kiboko akautazama pia, kadiri shingo ilivyomruhusu, na ilimruhusu kidogo sana.

"Anayejibu ajibu," Korongo akasema.

Kiboko akafungua kinywa, gwaaa! "Mimi nilifika kwanza!"

Korongo akashusha mdomo kwenye jani. "Limo."

"Limo nini?"

"Hilo jibu lako limo humu, mstari wa sita: Najua atasema alifika kwanza. Ni kweli, alifika kwanza, na aliyefika kwanza achague kwanza. Achague bwawa, kidimbwi kinamdhalilisha."

Wanyama wakapiga kelele, "Limo!" Semeni nanyi.

Limo!

Kiboko akatikisa masikio, pra pra pra. "Mimi ni mkubwa!"

"Limo. Mstari wa saba: Najua atasema ni mkubwa. Nani anabisha? Ndiyo sababu kidimbwi hakimtoshi."

Limo!

Na jua linapiga. Pembe moja ya jani ikaanza kujikunja, taratibu, kama kidole kinachoita. Kiboko akaiona. Jasho likamtoka, na kiboko kutoka jasho si jambo dogo. Alikuwa amebakiwa na jibu moja. Akalishika kwa nguvu zote.

"Uongo! Uongo mtupu! Hapa chini yangu hakuna jicho wala kope!"

"Limo," Korongo akasema, na sasa hata yeye alikuwa anafurahi. "Mstari wa mwisho: Atakayesema ni uongo ainuke, tuone wote."

Sange alikuwa na hakika? Nusu. Pua ilimwambia ndiyo, na miguu ilimwambia, kama pua imekosea, kimbia. Akasimama pale pale, mdogo kama tunda lililoanguka, hakukimbia.

Kiboko angekaa tu. Angekaa akafikiri jibu la nne, pengine angelipata. Lakini pua yake nayo ilikuwa kazini: ilisikia harufu ya jani. Jani bichi, pana, na leo asubuhi bado hajala kitu. Akasema moyoni, nikilitafuna kabla halijajikunja, hoja ziko wapi tena? Ziko tumboni!

Akainuka. Mchopooo! Akaruka hatua moja kulifuata jani. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Kinywa wazi, gwaaa! Korongo akaruka juu na jani lake, na Kiboko akatua, bwata! katikati ya bwawa kavu.

Na nyuma yake: fwaa.

Fwaaaa.

FWAAAAA!

Jicho likafunguka. Maji yakaruka kimo cha twiga mtoto, yakaanguka, yakatimua mbio kuteremka, yakamfika Kiboko kwato, yakamfika tumbo, yakapanda mgongoni, yakaingia kwenye kila ufa. Kiboko alikuwa amefungua kinywa aseme neno. Lililotoka lilikuwa hili:

"Aaaaah."

"Hilo ni jibu?" Korongo akauliza kutoka juu.

"Aaaaah," Kiboko akasema, akafumba macho yote mawili.

Korongo akalitazama jani. Lilikuwa limejikunja kama sigara. "Halikujibiwa. Dai limepita."

Mnadhani Sange alikaa ashangiliwe? Alikuwa ameshaondoka, tiku tiku tiku. Akarudi na watoto, watatu wamefuatana, kila mmoja amemuuma mwenzake mkia, na wa nne amembeba kinywani. Watatu wakanywa. Huyu wa nne akamlaza ukingoni, akamtumbukiza pua majini. Akangoja.

Akangoja.

"Chyaa!" Mtoto akapiga chafya, maji yakamrukia mama yake usoni. Halafu akaanza kulia, kwa sauti kubwa, analia kiu, analia njaa, analia kila kitu, na Sange hakuwahi kusikia kelele tamu kama ile.

Jioni Kiboko akaelea mpaka karibu na ukingo, masikio tu yanaonekana.

"Unajua, Sange," akasema, "mimi kule juu sikupapenda tangu zamani. Nilikuwa nataka kuhamia huku. Hili lilikuwa wazo langu."

Ngiri akavuta pumzi amrudishie. Sange akamkanyaga mguu.

"Lako kabisa, Bwana," akasema. "Sisi tulikuandikia tu, usisahau."

Kiboko akaridhika. Bonde likanywa. Na mvua ziliporudi, zilimkuta Sange anawafundisha wanawe kushika mwiba.

Haya, uongo umenyanyuka. Nani ataufungulia mlango?

Sisi, bibi!

Kigoda ukiache?

Ukiache, utakuja mwingine!

Na kweli je?

Bado iko nje, imevimba miguu kwa kusimama!

Basi funzo, kwa ninyi mliotumwa na mwalimu mkaandike insha ya kumshawishi mtu. Jazeni salamu, na shangazi asisahaulike. Sababu msiweke, zinakula nafasi. Ushahidi msiutafute, pua zitachafuka. Anayewapinga msimsikilize hata kidogo, asije akawaonyesha pa kumshika. Mtukaneni tu, inapendeza. Na karatasi ikitafunwa, semeni mwalimu ana chuki.

Mimi msinitazame hivyo. Shule nilikwenda siku tatu, ya nne nikatumwa maji. Lakini maji niliyapata.