Kikapu Kimoja cha Mghoi

Sogeeni, na mwenye hasira asiziache nyumbani. Kanisa moja huko Taita lilikuwa na watu watatu: Mkawasi, kiongozi wa kwaya, mwenye sikio; mchungaji Mwakio, mwenye ulimi; na Mama Mghendi, muuguzi mstaafu, mwenye subira. Lilikuwa pia na Mghoi, binti wa kwaya aliyesuka vikapu vizuri kuliko wote.

Siku moja akaja wakala na suti yake, akiahidi kazi za nyumbani Uarabuni. Mwakio akampa mimbari. Mghoi alipokubali kwenda, mchungaji akaishika juu pasipoti yake, akaiombea, na kanisa zima likapiga makofi. Alikofika, Mghoi alinyang'anywa pasipoti ile ile, akafungiwa ndani, akachomwa mkono kwa pasi.

Kwaya ikamwomba, kupitia simu ya bosi wake wa huko, awatumie wimbo wa kumpongeza Mkawasi siku ya kuzaliwa. Bosi akampa simu, akasimama kando asikilize. Mghoi akaimba wimbo wa mazishi. Wanakwaya wakacheka. Mkawasi hakucheka.

"Mghoi hajawahi kukosea wimbo," akasema. "Anatuambia anakufa." Hakunyamaza mpaka kila mtu aliposikia.

Mwakio akaenda kwa wakala kila asubuhi, akatukanwa, akapigwa. Mwishowe akaingia kituo cha polisi: "Niandikeni na mimi. Mimi ndiye niliyempa mimbari." Kwa maneno yake wakala akakamatwa, akataja nyumba alimofungiwa Mghoi, na binti akatolewa.

Alirudi hasemi. Mama Mghendi akamchukua kwake, akamsafisha kidonda miezi minane bila kumuuliza neno. Wazee wa kanisa walipokuja kumtaka Mghoi atoe ushuhuda, Mama Mghendi aliwafukuza. "Mlimpigia makofi akienda. Hayajawatosha?"

Kwa mkono ule uliokunjamana Mghoi akasuka kikapu kimoja. Vidole havingeweza cha pili. Jumapili akakipeleka kanisani, ampe aliyemrudisha.

"Cha Mkawasi!" wakasema wanakwaya.

"Cha Mama Mghendi!" wakasema akina mama.

Mama Mghendi akatikisa kichwa. "Mpe mchungaji."

Mghoi akawaka, akasema kwa mara ya kwanza tangu arudi. "Huyu? Mikono yake ndiyo iliyoishika pasipoti yangu!"

"Kweli, mwanangu," Mwakio akasema, macho chini. "Usinipe."

"Na mlango wa nyumba ile ulifunguliwa na nani?" Mama Mghendi akamuuliza Mghoi.

Swali lile likamuudhi Mghoi zaidi. Bado amesimama pale katikati ya viti, kikapu kifuani, mkono unamuuma. Mmoja alimsikia, mmoja alimtoa, mmoja alimponya, na mmoja kati yao ndiye aliyemtia mtegoni.

Je, wewe uliyepiga makofi siku ile, ungeamua vipi?